Kucheza na Kapteni

Jumanne, 2 Novemba 1954
Nimefagia uwanja, nimekausha sakafu. Mvua inavuja karibu na mlango. Asubuhi nilicheza na daktari, halafu na mhasibu. Niliwaachia pointi chache, wakafurahi. Hiyo ndiyo kazi yangu: wazungu wa kambi hii ya jeshi la Wabelgiji wanaingia chumba cha kuta nne, tunapiga mpira ukutani, nalipwa. Hakuna Mwafrika mwingine Kamina anayekula kwa skwoshi.

Kapteni mpya amefika. Alisimama juu kwenye roshani, akatazama. Hakusalimu.

Alhamisi, 4 Novemba
Nimecheza naye. Ana nguvu, hana subira. Nikamshinda. Nilipogeuka kumpa mkono, mpira ulipita karibu na sikio langu. Mchezo ulikuwa umekwisha.

Naogopa. Sipendi kuandika hivyo, lakini naogopa.

Jumapili, 7 Novemba
Baada ya ibada, Kalenga, mpishi wa maofisa, alinivuta kando.

“Kule kapteni alitoka, alikuwa na muntu wa kucheza naye, sawa weye. Ule muntu leo iko bila meno ya mbele.”

“Nani alikuambia?”

“Boyi wake mwenyewe.”

Mke wangu Ngoie alikuwa anatungoja barabarani. Sikumwambia.

Jumatano, 10 Novemba
Klabu moja ya Elisabethville inatafuta mwalimu wa skwoshi. Mtu wao anakuja Jumamosi kunitazama nikicheza. Nikimpendeza, tunahama. Nyumba ya matofali. Watoto shuleni.

Halafu wakubwa wa kambi wakaniambia nitacheza na nani. Kapteni ameomba mwenyewe.

Jioni nilipita nje ya uwanja. Kapteni yumo ndani, peke yake. Nikachungulia. Anapiga mpira ule ule, tena na tena. Alama zote ukutani ziko kwenye kimo cha kichwa changu.

Ijumaa, 12 Novemba
Ngoie amesikia sokoni habari za kapteni. Alikaa mbele ya bukari, ugali wetu, hakula.

“Umuache ashinde.”

“Nikishindwa, hatuendi.”

“Basi tutabaki. Minyi muke wako nakutaka muzima.”

Nilikasirika, nikatoka. Anasema kweli, hilo ndilo lililonikasirisha. Nitacheza kushinda.

Jumatatu, 15 Novemba
Hospitali. Naandika kwa shida.

Jumamosi niliongoza tangu mwanzo. Karibu na mwisho kapteni alibaki amesimama kati yangu na ukuta. Ningepiga, mpira ungempata mgongoni, na pointi ingekuwa yangu. Nilizuia mkono. Nikaomba turudie. Mgeni wa Elisabethville akapiga makofi.

Mpira uliofuata, mimi ndiye niliyekuwa mbele. Niligeuka kutazama.

Hakuzuia mkono.

Jicho la kushoto. Daktari, yule yule ninayecheza naye, ameniambia wazi: halitaona tena. Wakubwa wanasema niligeuka vibaya. Daktari alikuwa kwenye roshani. Aliona yote. Hakuwapinga. Huyo namchukia kuliko kapteni.

Jumamosi, 20 Novemba
Mgeni amerudi Elisabethville. Alipita kitandani kwangu kabla ya treni, akasema nilicheza vizuri. Nikamwuliza habari ya kazi. Akatazama kofia yake.

Jumapili, 28 Novemba
Nyumbani. Kapteni bado yuko kambini. Kalenga anasema anazunguka akiuliza Mwafrika gani mwingine anajua skwoshi. Hakuna.

Sikwenda kanisani. Kwaya inasikika kwa mbali, mvua ikipungua. Ngoie alimimina chai. Akaweka kikombe upande wangu wa kushoto, akasita, akakihamisha kulia. Nikanywa.