Abee Iliyochelewa

Jumatatu, 3 Juni

Tumemenya kahawa tangu asubuhi. Mimi namimina, Otmari anazungusha mashine. Zamani kelele zake zilinitia wazimu, nikawa najifunga kitenge masikioni. Leo nimeiwekea kiganja. Inatetemeka tu kama mbuzi mwenye baridi. Maganda huku, punje huku, maji yanapita, yote kimya.

Jirani akasimama njiani. Nikaona mdomo wake: Mama Eda. Nikaitikia, nikaacha ndoo, nikaenda kumsalimu. Kumbe alimwita Baba Eda, mume wangu, anataka kuazima chekeche. Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka, kwa sauti gani sijui, maana Otmari akashusha kiganja chini polepole. Hiyo ishara ni yangu mwenyewe. Niliwafundisha kwaya nzima ya kigango: kiganja kikishuka, punguza sauti. Yeye ni besi, alijifunza kwangu. Sasa naoneshwa mimi.

Nimekaa mbele ya kioo nikasema mama, nikasema baba. Midomo inafunga, inafunguka, inafunga, inafunguka. Hakuna tofauti hata kidogo. Miaka yote hii nafundisha watu kutamka, sikuwahi kuliona hilo.

Alhamisi, 6 Juni

Kwaya imerudi kichwani.

Tangu ile homa ya uti wa mgongo wakati wa Kwaresima sijasikia chochote cha nje, hata radi. Lakini ndani hakutulii. Daktari aliniandikia kwamba ubongo ukikosa sauti hujitengenezea za kwake, nisiogope, si wazimu. Asante. Basi ungetengeneza nzuri. Leo ni wimbo wa matoleo, ubeti uleule tangu jua lilipochomoza, na sauti ya pili wanashuka palepale walipokuwa wakishuka kila Jumapili. Nimewakemea kwa mdomo kabisa, nikiwa peke yangu kwenye vichanja. Kuku wakakimbia.

Kwaya naivumilia. Nisichokivumilia ni ile sauti ya jikoni. Mama ananiita. Anasema "Mama!" kwa kuvuta ile a ya mwisho, kama anavyoniita tangu nizaliwe, kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi. Safi kabisa, kama yuko hapo na mwiko mkononi. Na mama yuko Ngumbo, chini huko ziwani. Mara za kwanza niliitika abee nikaingia jikoni mbio. Sufuria na paka. Siku hizi siitiki. Nimejikataza. Mtu akianza kuitikia hewa, mwisho wake anafungiwa ndani.

Jumapili, 9 Juni

Misa. Nasimama wakisimama, napiga magoti wakipiga. Msaidizi wangu ndiye anayeongoza kwaya sasa. Nilimtazama mikono. Anakimbiza wimbo. Waimbaji wanafungua midomo na kufumba kama samaki waliotolewa majini. Nimewachukia wote. Nilipotoka, akina mama wa jumuiya waliacha kuongea nilipofika, wakatabasamu. Walikuwa wananisema. Otmari ameandika kwamba hapana, walikuwa wanapanga zamu ya usafi. Simwamini. Najua inanibadilisha, hali hii. Nilikuwa mtu wa utani. Sasa kila mgongo ulionigeukia una maneno.

Ijumaa, 14 Juni

Ujumbe wa Kosmas, mdogo wangu: "Dada, mama hali si nzuri. Hali chakula. Njoo."

Jumamosi, 15 Juni

Otmari amebaki, kahawa haingoji. Amenisindikiza hadi Mbinga mjini, akaongea na kondakta kwa muda mrefu huku akinioneshea kidole. Mzigo unaohitaji uangalizi, ndio mimi.

Tulipoanza kuteremka kuelekea ziwani masikio yakaziba, kama yanavyoziba ya kila mtu. Nikameza mate. Yakazibuka. Na mimi, mtu mzima, nikashika kiti cha mbele nikasubiri. Nilifikiri labda. Kila kona yanaziba, kila kona nameza mate na kungoja. Mpaka tumefika chini kwenye joto. Hamna. Nimelia, abiria wa pembeni akanipa chungwa.

Jumatatu, 17 Juni

Mama amekuwa mdogo. Amelala ubavu, macho amefumba, anayafumbua mara chache na hayamtambui mtu. Nyumba inanuka usipa, dagaa wetu, wameanikwa hadi mlangoni. Upepo wa mwera unapiga. Mawimbi siyasikii ila yanapanda kupitia nyayo nikisimama pekupeku sakafuni.

Midomo yake inatembea. Anaongea Kinyasa. Mimi nimejifunza kusoma midomo kwa Otmari, na Otmari ni Mmatengo, lugha ya nyumba yetu ni Kiswahili. Kinyasa nilichonyonya kwa huyu mama sikijui kwa macho. Nilikijua kwa masikio tu. Namtazama mama yangu mzazi kama mgeni anayepita sokoni.

Kuna neno moja tu ninaloliona, midomo miwili inayogusana mara mbili. Nikaitika haraka, abee, nikamshika mkono. Akautoa. Kosmas akaja mbio kutoka nje. Kumbe alikuwa anaita "baba". Hivyo ndivyo anavyomwita Kosmas, mtoto wake wa kiume, baba yake.

Jumanne, 18 Juni

Kosmas ameandika kwenye simu: "Mama anasema unamnunia. Anakuita huitiki."

Nimemwambia amweleze kuhusu masikio yangu. Ameandika kwamba amemweleza tangu Pasaka, anasahau, akiambiwa upya anashangaa, halafu anasahau tena.

Sijala.

Alhamisi, 20 Juni

Ndivyo inavyokwenda. Mama anaita. Mimi nimeinama naosha kitambaa, au nipo na midomo yake mbele yangu na sijui ni mimi au Kosmas. Kosmas akiwepo ananigusa bega. Nikiitika, mama ameshazama usingizini. Kila abee yangu inafika imechelewa. Kosmas akienda ziwani kutazama nyavu, nabaki peke yangu na neno lenye watu wawili ndani yake. Nikiitika kila mara, nusu ya wakati naitikia la mwenzangu, naye anageuza uso. Nisipoitika, nimemnunia.

Naogopa jambo moja tu. Afe akijua kwamba mtoto wake alikaa pembeni ya kitanda akakataa kumwitikia.

Leo nimegombana na Kosmas. Nimemwambia anamficha mama kwangu, nikiitwa mama yeye anasema ni baba, ili aonekane ndiye mtoto. Nimesema na mengine, mabaya. Nimeona kwenye uso wake kwamba nilikuwa napiga kelele. Majirani walisimama kwenye vichanja vyao vya usipa. Hakuna wa kunishushia kiganja huku. Kosmas aliiweka simu juu ya meza, akatoka.

Mdogo wangu anamgeuza mama usiku na mchana, anamwosha. Hayo nilikuwa namwambia mtu huyo.

Ijumaa, 21 Juni

Nimemwomba Kosmas msamaha. Ameandika: "Nilishasahau dada." Hajasahau. Tumekula ugali na usipa kwenye sahani moja.

Jioni aliniandikia maneno ya mama, yote aliyosema mchana. Aliomba maji. Aliuliza kama mihogo imevunwa. Alisema upepo wa mwaka huu ni mkali. Sijui kwa nini niliumia. Kinyasa hatujawahi kukiandika, kwa hiyo Kosmas anakigeuza Kiswahili, na mama katika Kiswahili cha Kosmas ni kama tangazo la kijiji. "Mgonjwa ameomba maji." Mama hajawahi kuomba maji hivyo maisha yake yote. Alikuwa akiomba maji kwa kukusingizia kwamba wewe ndiye mwenye kiu.

Kwaya kichwani haijaimba tangu nifike huku. Hata hiyo imeniacha. Kimya kinakaa juu ya kifua. Muda mwingine nagonga meza nione kama bado nipo.

Jumamosi, 22 Juni

Nimejua.

Nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua usipa, nikawa nauma midomo na kuvuma, mmm, kama tulivyokuwa tukianza mazoezi. Siisikii lakini inanipa joto. Na mkono ukaenda puani wenyewe. Kwaya yangu wote walikuwa wananicheka kwa hili: kidole puani, funga mdomo, vuma. Pua isipotetemeka sauti yako imekwama kooni, anza upya. Besi walikuwa wanajifanya wanapiga chafya.

Nikasema mama. Pua ikatetemeka, mara mbili.

Nikasema baba. Pua kimya. Koo tu.

Mama. Baba. Mama. Baba. Nikamwita Kosmas, nikamshika pua. Alidhani sasa nimechanganyikiwa kabisa, nilimwona anavyotazama mlangoni. Sema mama, nikamwambia. Sema baba. Akasema. Nikamwambia aseme lolote kati ya hayo, nami nimwambie ni lipi. Sikukosa. Kosmas akakaa chini kwenye mchanga, akaanza kucheka, kisha hakuwa anacheka.

Jumapili, 23 Juni

Sikwenda misa. Kosmas naye hakwenda.

Nimelala kitandani pembeni ya mama tangu alfajiri, uso kwa uso, kama nilivyokuwa nalala nikiwa mtoto. Kiganja changu shavuni kwake, kidole kimeegama ubavuni mwa pua. Ngozi ya hapo ni laini na baridi. Pumzi inakuja, inakaa, inaondoka. Kosmas amekaa miguuni.

Midomo ikagusana mara mbili. Pua kimya. Nikamwonesha Kosmas kidole: wewe. Tayari alikuwa ameshaitika.

Tukakaa. Mkono ulikufa ganzi. Sikuusogeza.

Jua lilikuwa limefika kwenye mtungi midomo ilipogusana tena. Na chini ya kidole changu pua ikatetemeka. Kidogo sana, kama nzi aliyefungiwa kwenye kiberiti. Ikatulia, ikatetemeka tena.

Nikasema, "Abee, mama."

Sikungoja bega. Sikumtazama Kosmas. Niliitika hapohapo.

Macho hakuyafumbua. Lakini uso wote ulilegea, na akaanza kuongea, Kinyasa, maneno mengi, nikayapata yote kidoleni bila kujua hata moja. Alipomaliza nikamgeukia Kosmas. Alikuwa anajifuta kwa shati. Akaandika: "Anauliza mbona umechelewa hivyo kuitika, ulikuwa wapi."

Nikamjibu mwenyewe, kwa Kinyasa, kwa sauti nisiyoijua. Nilikuwa mbali, mama. Sasa nipo.

Aliita tena mara nyingi hadi jioni. Nimeitika zote.

Jumanne, 25 Juni

Mama ametutoka asubuhi. Kidole changu kilikuwa palepale, ndicho kilichojua kwanza.

Alhamisi, 27 Juni

Tumezika. Otmari na Eda wamefika jana, Eda kwa ruhusa ya shule kutoka Songea. Watu wengi. Msiba bila sauti ni jambo la ajabu, unaona vifua vinapanda na kushuka, kanga zinafunika midomo, hujui nani analia na nani anakohoa. Waliimba. Niliweka kiganja kwenye jeneza wakiimba na mbao zikanifikishia besi. Otmari alikuwa amesimama karibu kwa makusudi.

Mimi nililia. Kwa sauti kubwa, nadhani. Hakuna aliyenishushia kiganja.

Jumamosi, 13 Julai

Mbuji, nyumbani. Baridi kali, ukungu mpaka saa nne. Tumeanua magunia, tumeanika kahawa ya juzi. Kazi yangu ni kuchagua, nyeusi na zilizovunjika natupa pembeni. Otmari upande wa pili wa kichanja.

Kosmas ametuma ujumbe. Amevuna mihogo ya mama. Mwishoni ameandika mstari mmoja kwa Kinyasa, ameutunga herufi mwenyewe, makosa matupu. Nimeusoma kwa mdomo, kidole puani, polepole. Anasema nisiwe na kiu.

Kwaya imerudi, wale wa sauti ya pili wanashuka vilevile. Nimewaacha washuke.

Halafu kutoka jikoni, safi, kwa kuvuta ile a ya mwisho: "Mama!"

Najua. Sufuria na paka. Daktari alinieleza, na mimi nimemzika kwa mikono hii.

"Abee," nikasema.

Otmari akainua uso. Nikauona mkono wake unanyanyuka, kiganja kinageuka kuelekea chini. Ukasimama hewani kidogo. Kisha akaurudisha kwenye kahawa, tukaendelea kuchagua.