Mitutu ya Baba Yalia Kama Kengele

Machame

Mdogo wangu Anjela,

Jani la isale nililolichora pembeni likuombe radhi; nimekaa kimya tangu Pasaka.

Leo nilimpelekea fundi bunduki ya Baba ya mitutu miwili, aithibitishe kuwa mbovu ili tuisalimishe polisi ikayeyushwe, kama tulivyokubaliana, kwa sababu ya ile michirizi ya kutu isiyotoka. Fundi akacheka hadi akakalia debe.

“Mwalimu, nirudishie shikamoo yangu! Miaka yote unasugua urembo?”

Si kutu, Anjela! Kila mtutu ulitengenezwa kwa fito za chuma laini na chuma cha pua zilizosokotwa pamoja, zikazungushwa kwenye nondo kama kamba ya mgomba, kisha zikafuliwa zikawa kitu kimoja; ile michirizi ndiyo alama ya msokoto huo. Akaichomoa mitutu, akaining’iniza kwa uzi, akaigonga kwa mpini wa nyundo. Ikalia kama kengele ya kanisa: hakuna kiungo kilicholegea. Nami nikagonga mara kumi, nikicheka kama mtoto.

“Inaimba,” akasema, “ila usiilishe risasi za leo, baruti yake ni kali mno. Itapasuka.”

Jumapili nitaigonga mbele ya ndugu wote, ndipo wathubutu kusema iyeyushwe. Jifunike vizuri, kifua chako hakipendi baridi. Wakishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Kaka yako