Inapita, Inarudi

Jumamosi, 8 Februari

Likizo ya uzazi imeanza! Jana kiwandani wamenikatia keki, wakanipa kadi yenye picha ya bata, na mimi nikajipa zawadi yangu kimyakimya: rola mbili za vibandiko vya kazini. Kijani kimeandikwa PITA. Chekundu kimeandikwa RUDI. Nguo ikipata chekundu inarudi kwa aliyeishona, afumue, aanze upya. Siku zote nakagua nguo za watoto wa watu. Sasa ni zamu ya wangu, na hakuna atakayeniuzia mbuzi kwenye gunia.

Leo tumekwenda duka la vitu vya watoto, mimi na Baba Kijacho. Mume wangu ni fundi wa lifti. Akiona kitufe lazima abonyeze. Akakipenda kitanda kinachojibembeza chenyewe, kina rimoti na nyimbo. Nikakipindua. Skrubu ikabaki mkononi mwangu. Binti wa dukani akasema hicho ndicho kinachotoka sana. Nikamwambia naona — hata skrubu zake zinatoka. Kinarudi!

Tumechukua cha mbao, cha kawaida. Fito zimekaribiana, kichwa cha mtoto hakiwezi kupenya. Godoro gumu, limejaa hadi pembeni. Hakiimbi wala hakichezi. Kinapita. Mito ya urembo nimeiacha hukohuko. Mtoto mchanga anataka hewa.

Nguo zote nilizigeuza nje ndani, maana mshono wa ndani ndio unaolala na ngozi. Lebo ngumu shingoni — rudi. Vifungo mgongoni — rudi, nani alalie vifungo? Na za mwezi wa kwanza chache tu, hazimkai mtoto.

Kumebaki Kikongwe. Ndilo jina nililokipa kiti cha sebuleni, kile chenye mikono ya mbao ambacho Baba Kijacho alikiokota kwenye ofisi moja alikokuwa anatengeneza lifti. Kinajaza nusu ya sebule na kinalia kila kikiguswa. Mimi nataka kiti cha kunyonyeshea, kile kinachoteleza mbele na nyuma. Viwili havienei. Mmoja lazima ampishe mwenzake.

Jumatatu, 10 Februari

Mama mkwe amefika. Begi moja, sweta la sufu, na harufu ya sabuni ya kufulia. Atakaa hadi mtoto akaze shingo, kasema. Ameviangalia viti vyote, kisha akaenda moja kwa moja kwenye Kikongwe. Kikalia. Akasema hata magoti yake yanalia hivyohivyo. Tulicheka.

Kaniletea mbeleko, kaipinda pindo mwenyewe kwa mkono. Nilipofika chumbani niliikagua pande zote nne. Mishono sawasawa, hakuna fundo linalokwaruza. Inapita, tena kwa heshima zote! Kwake nilisema asante tu, maana nilikuwa nimejaza mkate mdomoni.

Hapa naweza kuandika. Mama yangu mzazi hayupo tangu nikiwa shule. Sijawahi kumwogesha mtoto mchanga. Vitu navijua, mtoto simjui. Nilipomwona mama mkwe anavua viatu pale mlangoni, mabega yangu yalishuka yenyewe. Nimefurahi, nimefurahi sana.

Jumatano, 12 Februari

Kigari kimepatikana! Cha mtumba, na sioni aibu. Vipya vyote vilitaka mikono miwili kuvikunja. Nikamwuliza muuzaji: na mtoto nimshike kwa meno? Nikabeba mfuko wa unga kama mtoto, nikajaribu kimoja kimoja kwa mkono uliobaki. Watu walisimama kutazama. Hiki cha mtumba kilikunjika mara moja, kwa teke dogo. Magurudumu yako imara, breki inashika. Kinapita.

Tumekipandisha kwa ngazi. Nyumba yenye fundi wa lifti, na lifti ya jengo mbovu tangu mwaka jana! Baba Kijacho anasema si kampuni yake.

Kipimajoto — kinapita. Kikata kucha kidogo — kinapita. Mashine ya kupasha chupa — inarudi, bakuli la maji ya moto lina kazi gani? Beseni la kuogea lenye umbo la samaki — linarudi. Mama mkwe kacheka mpaka akajifuta macho. Anasema Baba Kijacho kaogeshwa kwenye beseni la kufulia na bado alikuwa analikojolea.

Kisha akafanya kitu. Akaviringisha taulo, akaniita kwenye beseni. Mkono wa kushoto chini ya shingo, mwanangu, vidole vishike kwapa la upande wa pili. Usimbane, usimwachie. Nikaogesha taulo. Nikalizamisha. Akasema vizuri, huyo keshakunywa maji, leta mwingine. Tukaanza tena. Sijacheka hivyo siku nyingi.

Ijumaa, 14 Februari

Nimekipata kiti! Kinateleza, kina mfuko pembeni wa kuwekea chupa. Watakileta Jumatano.

Nilimpigia Sindano kumpa habari. Tuliketi meza moja kiwandani siku nyingi, ana watoto watatu, anaelewa. Akauliza, na nafasi? Nikamwambia hapo ndipo penye kazi, Kikongwe kinanimalizia nafasi, kimekaa tu sebuleni kinalia-lia, nimekivumilia vya kutosha, kabla mtoto hajaja kiwe kimeondoka. Kicheko hicho!

Nilipotoka jikoni mama mkwe alikuwa kwenye korido na kapu la nepi. Nikamwambia chai iko tayari. Akasema ameshiba. Chakula chenyewe hata hatujala.

Jumamosi, 15 Februari

Nimekibandika Kikongwe RUDI kwenye mgongo, kibandiko kikubwa kabisa, ili Baba Kijacho asijifanye kusahau. Mlinzi wa jengo anakitaka. Jioni nilipotazama kibandiko hakipo. Mama mkwe alikuwa amekaa hapo mchana kutwa akikunja nepi, kwa hiyo si mtoto wa jirani aliyekibandua. Gundi ya siku hizi!

Jumatatu, 17 Februari

Mama mkwe kabadilika. Hakai tena sebuleni. Anakaa jikoni kwenye kistuli, magoti yamegonga kabati. Namwambia njoo ukae vizuri, mama. Anasema panamtosha, asije akawamalizia watu nafasi. Kafua mapazia. Kasugua sufuria hata zilizo safi. Akimaliza kula anaosha sahani yake, anaiweka peke yake.

Lakini mimi sibabaishwi. Nasoma watu kama ninavyosoma mishono. Ni ile mbeleko! Kakesha na pindo, mimi nikamtupia asante ya mdomo uliojaa mkate. Nani asingenuna?

Basi nimeitoa, nimeisifia mbele yake pande zote nne. Nikamwambia kiwandani kwetu hakuna wa kupinda hivi. Akaipangusa, akaikunja. Asante mwanangu, kasema, itakusaidia wakati mimi sipo.

Sipo wapi tena? Atakuwa amemaanisha sokoni. Hata hivyo nimelitatua.

Jumatano, 19 Februari

Kiti kimekuja, kiti kimerudi.

Nilikaa. Kikateleza vizuri, mbele, nyuma, mbele. Halafu nikataka kuinuka. Kikateleza nyuma. Nikajaribu tena — kikateleza nyuma! Tumbo hili, na chini hakuna pa kuegemea. Wapagazi wawili wakanivuta kama gari lililokwama. Nikawaza, hapo nimeshika mtoto aliyelala? Nikakibandika chekundu papo hapo mbele yao. Wakakichukua wakinung'unika ngazi nzima.

Nikakaa kwenye Kikongwe kupumua. Mikono yake ya mbao iko juu, imara. Unasukuma kidogo, umesimama. Mgongo umenyooka. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. Kikalia kila mara. Sawa, nakubali: kinapita. Sitaki kusikia neno kutoka kwa Baba Kijacho.

Nilitaka kumwita mama mkwe aone maajabu. Nikamkuta mlangoni anamwuliza mpagazi mabasi ya asubuhi yanaondokea wapi. Kwa nini anauliza mabasi? Shingo ya mtoto haijazaliwa, seuze kukaza.

Nilimwuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, mwanangu, nyumba yako nzuri. Tangu jioni tumbo linakaza na kuachia.

Alhamisi, 20 Februari

Sijui nianze wapi. Niandike upesi.

Baba Kijacho hakwenda kazini. Asubuhi kafunga mlango wa chumba, kaweka kitu kitandani. Kibandiko changu. RUDI. Kimejaa nyuzi za sufu.

Akaniuliza, umembandika mama yangu?

Nikacheka! Mungu nisamehe, nilicheka kwanza. Nikamwambia kilikuwa cha Kikongwe. Uso wake ukabadilika. Akasema hata hilo mama kalisikia — kakusikia unamwambia mtu kwenye simu kikongwe kimekaa tu kinalia-lia, kiondoke kabla mtoto hajaja. Kesho yake jioni anavua sweta, anakuta mgongoni kaandikiwa arudi. Alikuwa anakificha kwenye mkoba wake. Hakutaka mwanawe agombane na mkewe mja mzito. Kilidondoka leo wakati anatoa nauli.

Hapo kicheko kikakatika. Nikamwona pale kwenye kistuli, magoti kwenye kabati. Nikamwona anasugua sufuria safi. Na mimi, bingwa wa mishono, namsifia pindo! Nimelia mpaka Baba Kijacho akaleta taulo, lile lile la kuogeshea.

Nikatoka kumtafuta. Nikafika sebuleni, uchungu ukanikata. Si wa kubabaisha, huu ni wenyewe. Nikaanguka kwenye Kikongwe. Mama mkwe alikuwa kwenye korido, kavaa viatu, begi mkononi.

Nikapiga kelele: Mama! Kikongwe ni kiti!

Akasema, kiti gani?

Nikamwambia hiki, mama, hiki nilichokalia, ndilo jina lake, mimi ndiye niliyekipa, kibandiko kilikuwa chake. Nikakitingisha ili ajionee. Kikalia. Akakitazama. Akanitazama. Akamtazama mwanawe, naye akatikisa kichwa kuwa ni kweli, ndivyo kinavyoitwa. Sikuona amenisadiki, sikuona amenikatalia.

Uchungu mwingine. Begi akaliacha mlangoni, akaja. Mkono wake ukakaa tumboni kwangu, mkavu, hautetemeki. Vuta pumzi, mwanangu. Toa. Usibane.

Baba Kijacho kashuka kuita teksi na kujaribu lifti. Mtu huyu na lifti!

Naandika kati ya uchungu na uchungu, kitabu juu ya mkono wa Kikongwe. Mama mkwe kafungua begi langu la hospitali, kapiga magoti mbele yake. Anatoa. Mto wa shingo. Anauweka pembeni, anasema bila kunitazama: huu unarudi. Manukato — yanarudi. Jozi tatu za viatu vya mtoto — anazinyanyua, anakwenda wapi huyu? Zinarudi. Mbeleko. Ameishika kidogo. Inapita, kasema, akaiweka juu kabisa.

Sijui ananitania au ananichoma. Uso wake siusomi. Nami niliyesema nasoma watu!

Nimemwambia: mama, nililizamisha taulo. Unakumbuka? Kichwa chini kabisa. Sitaweza peke yangu. Nakutaka wewe, si kwa sababu ya nepi. Kaendelea kufunga zipu.

Nimeuliza: na lile begi la kule mlangoni?

Kalisimamisha langu kando ya lake.

Honi inapigwa chini. Baba Kijacho anaita kutoka ngazini kuwa lifti imegoma, tushuke polepole. Mama mkwe anasema weka kalamu, inuka. Nimeusukuma mkono wa Kikongwe, nimesimama mara moja, kalamu bado mkononi. Amenishika kwapani, vidole vile vile, habani, haachii.

Mkono wake mmoja uko kwangu. Mmoja mtupu. Mlangoni kuna mabegi mawili, langu na lake, na mkono ni mmoja —