Simenti kwa Taslimu, Pointi kwa Husna

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Pointi elfu arobaini na moja! Zikifika hamsini benki yanipa tiketi, napanda ndege hapo Ukunda — mimi, muuza simenti! Rahisi mno. Fundi analipa taslimu, mimi napitisha kadi yangu ya mkopo kwenye mashine ya duka, halafu noti zake nalipia kadi. Duka limepata pesa zake, mimi pointi. Hakuna aliyeibiwa. Nilijifunza mwenyewe kwa video za simu.

Jumatano, 5 Novemba
Bi Zulekha, mwenye duka, mama twamwita sote, kaja na karatasi za benki. Kumbe kadi ikipita, benki hulikata duka! Shilingi tatu kila mia! Sikujua. Video zote zile, hakuna aliyesema. Miezi mitatu, elfu kumi na nne zimekwenda.

Kasema tangu lini mafundi wakalipa kwa kadi. Chengo, mwenzangu wa kazi, akachekesha — labda, mama, siku hizi wanazificha ndani ya ndoo za rangi. Mama hakucheka. Akanigeukia mimi: Husna mwanangu, wewe ndiwe mjuzi wa mashine, nitafutie huyo anayepitisha kadi.

Nikasema inshallah. Inshallah!

Alhamisi, 6 Novemba
Nimejaribu kumwambia mama mara mbili. Mara ya kwanza kaingia mteja wa misumari. Ya pili nikaishia kumwuliza bei ya rangi.

Ijumaa, 7 Novemba
Chengo amefukuzwa. Yeye ndiye hushika mashine nikienda kula, basi imetosha. Mama kasema rudi kwenu Kikoneni, na mshahara wa mwezi huu usahau. Chengo kaapa kwa wanawe. Kisha akaniomba mimi: dada Husna, si useme? Wewe wanijua.

Nikatazama mizani ya misumari. Ya Rabi, nikatazama mizani!

Jumamosi, 8 Novemba
Naandika stoo, nyuma ya mabati. Mtu wa benki amekuja, nawasikia. Kasema malipo yote hayo ni ya kadi moja, nambari za mwisho ni zilezile. Jina hatoi. Lakini kama mama ana anayemshuku, amwite na kadi yake walinganishe.

Mama amefurahi! Kaniita: Husna, mpigie Chengo, aje na kadi yake leo hii!

Chengo hana kadi. Chengo hana hata akaunti.

Nimempigia. Kashika papo hapo. Dada Husna! Nilijua utapiga wewe, nilimwambia mke wangu.

Simu iko juu ya mfuko wa simenti. Kadi yangu iko mfukoni. Mama anauliza huko nje, vipi, amesemaje?

Chengo anasema halo. Halo, dada?