Usiuingie Mto Pesola

Njia ya Pesola,
Michigan.
3 Desemba

Mpendwa Arvo,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu barua huanza hivyo, na mama ameketi hapa jikoni anautazama mkono wangu. Hujambo, mdogo wangu? Denise hajambo? Watoto wanaendeleaje na jua la huko Tucson? Sisi huku ni wazima. Mama kifua kinambana asubuhi tu, kisha akinywa kahawa anapata nguvu za kunigombeza. Theluji imeanguka mapema, na sauna yetu ya mvuke tunaiwasha kila Jumamosi kama kawaida.

Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize.

Ujumbe wako umefika. Unakuja Krismasi na wenzako wa kazini, kila mmoja na fimbo yake ya kuvulia, na unaniomba niwafagilie theluji njia ya kwenda mtoni. Arvo, una macho makavu! Baada ya uliyoyafanya mwezi uliopita, mtu mwenye haya angeomba njia ya kwenda kanisani.

Mto unaoukumbuka haupo. Tangu bwawa la kinu kule juu libomolewe, mchanga uliokuwa umelala nyuma yake miaka yote umetushukia sisi. Lile shimo ambamo Baba alikuwa akivua wale samaki wakubwa wa trauti, sasa mbwa wa jirani yetu Waino analivuka bila kulowa tumbo. Kijito cha kwa akina Lahti, ambako samaki walikuwa wakipanda kutaga, kimezibwa kabisa. Maji ni machache, yanang'aa kama kioo, na kingo zimeshika barafu hata mchana. Trauti hawana pa kujificha wala pa kuzalia, isipokuwa pale kwenye kona chini ya mierezi, ambako mkondo mpya umefagia mchanga na kuacha changarawe safi. Mto mzima, hapo tu.

Na hapo ndipo uliposimama wewe asubuhi nzima.

Nilikupigia kelele kutoka ukingoni: "Arvo, toka hapo! Unakanyaga mayai!" Nawe ukacheka, ukanijibu bila hata kugeuka: "Kanyaga peupe, dada! Umemsahau Baba?"

Sijamsahau. Nilikuwepo alipotufundisha maneno hayo, na mimi ndiye niliyekuwa nimekushika mkono. Peupe ni changarawe na maji mafupi, peusi ni shimo. Mtoto akikanyaga peupe hazami. Yalikuwa maneno ya kumwokoa mtoto asife maji. Wewe leo ni mzee mwenye kitambi, na maji yenyewe hayakufiki gotini. Siku hizi pale peupe ndipo trauti jike alipopiga mkia akasafisha mawe, akataga, akafukia. Ulimtii Baba katika mto ambao Baba hakuwahi kuuona, na kila hatua yako ilisaga watoto wa samaki.

Waino Hukari mwenyewe alikuwa kando yangu na kikombe chake cha kahawa. Unamjua mdomo wake. "Irja," akaniambia, "huyu mdogo wako anacheza dansi kwenye wodi ya wazazi." Nilitamani ardhi inimeze. Sasa mji mzima unakuita Mkunga. Ukiingia dukani kununua maziwa utaitwa hivyo, na usije kunililia.

Halafu ukamnasa yule jike, ukamwinua mpigwe picha, mayai yanamchuruzika hadi kwenye mkono wa koti lako, nawe meno yote nje. Ukasema samaki wa huku siku hizi wajinga, wanashikika kirahisi. Si wajinga, Arvo. Alikuwa anazaa, na hakutaka kuliacha tundu lake.

Ulipoondoka nilipiga magoti ukingoni nikatazama. Yai la trauti lililo hai lina rangi ya chungwa. Niliyoyaona yamekwama kwenye barafu yalikuwa yamefifia, yamekufa. Nililia, na nakwambia bila aibu. Nilikuchukia pia, na hilo ni bora ulisikie kwangu kuliko kwa Waino.

Nasikia umemwambia mama kwenye simu kwamba naringa na mto, najifanya ni wangu. Si wangu. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe uliondoka, mimi nikabaki, na kila nikiamka nauona umepungua tena.

Basi haya ndiyo masharti. Njoo umwone mama. Ameshaanza kuoka mkate wa iliki na jina lako halimtoki mdomoni. Kula, lala, ingia sauna mpaka uive. Lakini fimbo na viatu vya mpira viache Tucson, na wenzako wakitaka samaki wakatoboe barafu ziwani kama watu wengine. Nikiona unyayo wako hata mmoja kwenye ile kona, nitamwita mlinzi wa wanyamapori mimi mwenyewe, na jina letu la ukoo nitamtajia herufi kwa herufi.

Mama anakusalimu. Nimemsomea barua hii yote. Akasema nimekuwa mkali mno, kisha akasema nisifute kitu. Waino naye anamsalimu Mkunga. Nisalimie Denise, wabusu Kaisa na mdogo wake. Mungu awatangulie njiani, barabara zimejaa barafu.

Mayai yaliyobaki chini ya mawe, kama yapo, yataanguliwa majira ya kuchipua, na vitoto vitajitokeza mwezi wa nne. Nitakwenda kutazama kila siku. Nikiona kitoto kimoja tu cha trauti, nitakupigia simu nikutukane kidogo, halafu tucheke. Simu isipolia, usinipigie wewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa shida mwaka huu,

Irja