Nimemdanganya Mama Mkwe Kuhusu Kompyuta ya Marehemu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaumbuka. Mimi ni fundi wa kompyuta, nimeoa mwaka wa tisa huu, na nampenda mama mkwe wangu kuliko inavyompasa mwanaume kukiri gazetini. Mwezi uliopita aliniita kwake, akaniambia kwa adabu zake zote, "Baba, kompyuta ya mzee inasema mfumo wake umepitwa na wakati, naomba uniwekee mpya," na mzee mwenyewe ni marehemu baba mkwe, aliyeiunganisha mashine ile ya mezani kipande kwa kipande kwa mikono yake, na humo ndani kuna faili wanaloliita kitabu cha nyumba, ambamo marehemu aliandika kila kilichoharibika pale kwao kwa miaka kumi na miwili, tarehe, kilichoharibika, aliyekitengeneza, bomba la jikoni, bawaba ya mlango, hadi goti lake mwenyewe, na tangu afariki mama anaendeleza chini yake kila Jumapili.

Basi nikaanza kazi, mashine ikanijibu kwamba prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, haimo kwenye orodha ya zinazokubalika, na mama alikuwa nyuma yangu na sinia la chai anauliza, "Vipi, imekubali?" nami mshauri, sijui nini kilinipata, nikasema, "Imekubali, mama, imefaulu kabisa," halafu nikapita mlango wa uani ambao sisi mafundi tunaujua, nikailazimisha, mfumo ukaingia, na inafanya kazi vizuri tu, ila wenye mfumo wameshasema mashine kama hizo hawaziwekei dhamana, apdeti yoyote kubwa inaweza kugoma, na wiki iliyopita ilibidi iwashwe mara tatu ndipo ikafunguka. Tena kwa ile haraka ya kuficha kosa sikunakili lile faili, jambo ambalo nawakaripia wateja kila siku ya Mungu, na sasa nikienda kulinakili mama atauliza kwa nini, si ulisema imefaulu, na mama mwenyewe ameshawatambia majirani wote kwamba mashine ya marehemu imepita mtihani ambao za kwao zimeanguka.

Kinachoniokoa ni kitu kimoja. Kwenye kona ya chini kulia ya kioo cha kompyuta hutokea maandishi madogo kwamba kompyuta hii haijatimiza masharti, na kwa bahati mama amebandika hapo hapo kikaratasi cha namba ya fundi bomba, kwa hiyo hayaoni. Mke wangu anasema nikamwambie mamake ukweli, lakini kila nikifikiria kumkabili mkwe na kukiri uongo naahirisha hadi kesho. Nifanyeje?

Mkwe Mwoga

MSHAURI ANAJIBU

Wewe fundi mzima! Unaingiza mfumo mpya kwenye mashine iliyobeba kitabu cha marehemu, na hukunakili hata ukurasa? Ilibidi niweke barua yako chini ninywe maji kwanza.

Kuilazimisha mashine sikulaumu. Ilikuwa nzima, inafanya kazi, na mwenye nayo anaipenda. Kilichokuharibia ni lile neno "imefaulu", maana ndilo linalokuzuia kufanya kitu kimoja kinachotakiwa kufanywa, na kila siku unayochelewa kitabu kile kinaning'inia kwenye uzi.

Sasa rudia kusoma barua yako pale kwenye kikaratasi. Mama ana ukuta, ana mlango wa friji, ana kioo chenye kona nne, halafu namba ya fundi bomba akaibandike juu ya maandishi yale yale? Mwanamke anayeandika kila kinachoharibika nyumbani mwake ashindwe kuona sentensi iliyo mbele ya macho yake? Ameisoma, mwanangu. Aliisoma ulipotoka tu mlangoni, akaona mkwe wake ataaibika, akakufunika. Na kule kwa majirani anakutambia wewe. Nimeguswa, sikufichi, lakini sijamaliza kukugombeza.

Jumamosi asubuhi nenda na mkeo, beba diski mbili za nje. Usianze na hotuba. Chai ikishamiminwa, sema: "Mama, nilikudanganya. Mashine haikukubaliwa, niliilazimisha, na nakihofia kitabu cha baba." Akicheka, cheka naye. Akilia, mwache alie, mkeo yupo. Halafu nakili faili kwenye diski zote mbili, moja ikae kwake na nyingine kwenu, na kitabu chote kichapwe kwenye karatasi. Mfundishe kunakili mwenyewe kila Jumapili akishaandika, na usimnyang'anye kipanya mkononi kwa vile unaona anachelewa. Mweleze pia kwamba iko siku mashine itagoma, ili isimkute hajajiandaa. Kikaratasi usikiguse. Atakibandua mwenyewe.

Mkishamaliza, mwombe akupishe kitini uandike mstari wa siku hiyo kwenye kitabu cha nyumba. Weka tarehe. Kwenye kilichoharibika, andika: mkwe alisema uongo. Kwenye aliyekitengeneza, inuka, mwachie mama ajaze.