Jumbe Mbili za Ubatizo

Mpendwa Valence,

Sisi wa Lizaboni hatujambo, ila mtoto anaota meno na mimi usingizi sina. Jumamosi jumbe zako mbili ziliingia pamoja: "Nisubirini tubatize wote" na "Msinisubiri, batizeni." Upi wa mwisho? Wewe unayesomea hesabu za kompyuta zinazotumiana ujumbe bila kungojana, si ulinieleza mwenyewe kwamba uliotangulia kutumwa unaweza kufika nyuma? Nikapiga, hupatikani. Mama akacheka, "Msomi wako huyo!" Mama wa ubatizo alishafika kutoka Mbinga, basi Jumapili tukambatiza Walburga. Alimwagiwa maji akiwa amelala. Kama ulitaka tukusubiri, pole, mume wangu, ila sijutii. Sasa njoo umbebe, mikono yangu imechoka.

Mkeo akupendaye,
Jane